Jokofu la Desemba

Husema damu ni nzito kuliko maji.
Mimi huipima.
Mfuko mmoja ukijaa haufiki kilo,
uzito wake kama pakiti ya maziwa ya asubuhi,
na kama pakiti ya maziwa, una tarehe ya mwisho:
siku thelathini na tano.
Ikipita, si damu tena,
ni majuto mekundu.

Naitwa Mwanamkuu Shee. Mwaka wa kumi na mbili huu
natafuta mishipa ya watu wa Mombasa:
ya makuli wa Kilindini, iliyotokeza kama kamba,
ya wasichana wa chuo, iliyojificha chini ya hina na piko.
Nawe, Katana Dzombo, nakukumbuka.
Kidato cha tatu, shuleni kwenu Tudor,
ulijiandikisha ili ukwepe hesabu.
Usikatae. Ulisema mwenyewe, umelala chali,
kiganja kinaminya mpira wa manjano,
macho yote darini:
"Dada, soda ni ya kila mtu, ama ya waliozimia tu?"

Nikacheka. Nikakuandika.
O chanya. Kilo hamsini na nne.
Ukarudi kidato cha nne, mara mbili.
Kisha mtihani, kisha vifijo langoni,
kisha kimya.

Desemba shule hufungwa
na jokofu langu hubaki na mwangwi.
Watu wa bara hushuka kustarehe,
njia ya Malindi haina pa kupenyeza hata baiskeli,
ajali hazijui likizo,
wala hakuna mja mzito aliyeahirisha uchungu hadi Januari.
Nafungua daftari, napiga namba zenu moja moja.
Yako ilishikwa na mama mmoja wa Kongowea, muuza vitunguu,
akanambia laini kainunua, na mwenyewe hamjui.

Kuna mtoto, jina lake nalificha,
ana selimundu. Huletwa begani,
viganja vyeupe kama tui.
Akiongezwa damu, jioni hiyohiyo, wallahi,
hudai viazi karai na ukwaju mwingi.
Wiki zikipita, yuleyule, begani tena.

Ndiyo sababu sitafuti mashujaa.
Mashujaa nawapata kila basi linapopinduka:
foleni hadi barabarani, machozi, picha za simu.
Nashukuru. Lakini damu ile haingoji mwaka mzima,
na mtoto yule naye haingoji basi lipinduke.
Nataka mtu wa kawaida
anayekuja Jumanne isiyo na habari.

Na Jumanne ya Machi ukaingia.
Hukuja kutoa kitu. Ulileta katoni za glavu,
helmeti kwapani, risiti mkononi.
"Sahihi hapa," ukasema, kisha ukanikodolea macho.
"Aa! Dada wa soda!"

Ukaanza: una haraka, umekonda,
damu yako siku hizi ni chai ya rangi tupu.
Ukauliza, sauti chini, kama kweli huuzwa.
Nikakujibu: ukimjua anayeiuza, nitajie jina,
nimpeleke kituoni kwa mkono wangu.
Panda mizani.
Kilo sitini na moja.
Nikakudunga kidole, nikadondosha tone
kwenye kichupa cha maji ya samawati.
Tukainama sote wawili.
Likasita kidogo juu,
kisha likazama moja kwa moja hadi chini.
"Maana yake?"
Maana yake ni nzito, Katana. Inatosha. Lala.

Dakika kumi hazikutimia.
Hukuuliza itakwenda kwa nani, nami nisingekujua la kukujibu;
mfuko hauna ukoo wala mtaa,
una herufi tu.

Kadi yako hii. Nimeandika Juni.
Kisha Septemba. Kisha Desemba,
nimeipigia mstari mara mbili.
Dada yako akitaka, yeye ni kila miezi minne, mwambie ale vizuri.
Nawe njoo na mwenzio wa bodaboda,
yule unayesema huikimbia sindano.
Soda ipo.
Ni ya kila mtu.